Kufuata Viungo: Maktaba Nyepesi za Programu na Data za Afya za Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hekima hiyo ndiyo msingi wa mbinu ya kuunganisha programu za kompyuta iitwayo hipamidia. Makala haya yanaifafanua mbinu hiyo kwa kurejelea mfumo wa data za afya unaotumika nchini Kenya, zikiwemo kaunti za Kisii na Nyamira.

Dhana ya kiungo

Kiolesura cha programu ni mlango ambao programu moja huutumia kuiomba nyingine data. Katika hipamidia, jibu linalotoka mlangoni hapo halibebi data pekee. Hubeba pia viungo, yaani anwani za mahali pa kuendelea, kila moja ikiwa na jina lake. Ama kiungo kiwe cha mwili, cha mchuzi au cha mtandao, maana ya msingi ni ileile: kinachounga. Roy Fielding, katika tasnifu yake ya mwaka 2000, alisisitiza kuwa programu inapaswa kuongozwa na viungo inavyopewa na seva.

Mfano wa msafiri waweza kusaidia. Anayetoka mjini Kisii kwenda zahanati fulani huko Borabu hahitaji kukariri kila kona. Akifika Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, husoma kibao au huuliza, kisha huendelea. Barabara ikihamishwa, kibao huhamishwa nayo. Aliyekariri ndiye hupotea.

Kazi ya maktaba nyepesi

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa ili wengine wautumie. Mfano ni Traverson, ya lugha ya JavaScript. Mtumiaji huipa anwani moja ya kuanzia na majina ya viungo vya kufuata kwa mpangilio. Maktaba huomba jibu la kwanza, hutafuta kiungo chenye jina lililotajwa, huomba jibu la pili, na kadhalika hadi mwisho. Ni nyepesi kwa kuwa haijui lolote kuhusu hospitali wala chanjo. Inajua kufuata njia tu.

Mfano wa data za afya

Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia kote nchini mfumo wa DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo. Kiolesura chake si hipamidia kamili, lakini hutoa viungo. Orodha ndefu hugawanywa katika kurasa. Programu isipotaja idadi, hupewa maingizo 50 pamoja na kiungo cha ukurasa unaofuata. Tuseme orodha ya vituo ina majina 120. Programu isiyofuata kiungo itasoma 50 na kuachia hapo. Vituo 70 vitakosekana katika jumla, na hakuna onyo litakalotolewa. Mpangaji wa dawa atakayeitegemea jumla hiyo atawapunja wagonjwa bila kujua. Programu inayofuata kiungo hadi kisipoonekana tena itasoma kurasa zote 3.

Mipaka nayo hubadilika. Nyamira ilimegwa kutoka wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuanzia 2013 wilaya zilizipisha kaunti katika ugatuzi. Programu iliyoandikiwa ndani yake orodha ya wilaya hubaki na ramani kongwe. Inayoanzia ngazi ya taifa na kuuliza kila ngazi ina maeneo gani chini yake hupata mpangilio wa leo.

Hitimisho

Mbinu hii ina gharama: maombi huongezeka, na pale mtandao unapokuwa dhaifu kila ombi huchelewesha kazi. Aidha, majina ya viungo yasibadilishwe ovyo, kwani ndiyo makubaliano pekee kati ya pande mbili. Anwani yaweza kuhama. Jina likidumu, njia haipotei.