Baada ya Kisu, Mlinzi wa Mtoto ni Mzazi

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe wa miezi mitatu lazima afanyiwe upasuaji wa ubongo, fikra zake zote hukimbilia siku moja, siku ya kisu. Atatoka salama? Ndugu, majirani na waumini wenzake huiombea siku hiyo hiyo, na mtoto akirudi wodini akiwa hai, watu hushukuru na kuona kazi imekwisha. Lakini ugonjwa unaowafikisha watoto wachanga wengi wa Afrika Mashariki kwa daktari wa upasuaji wa ubongo ni kujaa maji kichwani, ule ambao wengi wetu tunauita ugonjwa wa kichwa kikubwa, na kwa ugonjwa huo siku ya kisu ni mwanzo tu. Sehemu ndefu ya tiba hufanyika nyumbani, na anayeifanya ni mama au baba. Ndiyo maana nasema katika makala haya kwamba kumweleza mzazi kwa kina, kwa lugha anayoielewa, ni sehemu ya tiba yenyewe. Hospitali iliyompasua mtoto vizuri kisha ikamwacha mzazi aondoke bila kuelewa imefanya nusu ya kazi.

Ili hoja hii ieleweke, kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vidogo vyenye maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa mfululizo: kwa mtu mzima ni kiasi cha nusu lita kwa siku, ingawa yanayokuwamo kwa wakati mmoja ni mililita 150 hivi. Maana yake ni kwamba lazima yatoke na kufyonzwa mwilini kwa kasi ile ile yanayoingia. Njia ikiziba, utengenezaji hausimami. Maji hujaa na kuukandamiza ubongo. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka, utosi huvimba, mishipa ya kichwani hujitokeza na macho huelekea chini. Wengine huzaliwa na hali hiyo, mara nyingi pamoja na mgongo wazi, kasoro inayotokea ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Wengine huzaliwa wazima, kisha hupata maambukizi katika wiki za mwanzo za maisha, na makovu ya maambukizi hayo huziba njia za maji. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, mashariki mwa Uganda, madaktari waligundua kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao walitokana na maambukizi, na mwaka 2020 watafiti walichapisha ushahidi kuwa bakteria wa jamii ya Paenibacillus ni miongoni mwa wanaohusika. Hakuna laana hapo, wala mkono wa mtu. Mama aliyeambiwa hivyo waziwazi huwa na la kuwajibu wakwe na majirani, na hana sababu ya kupoteza wiki akizunguka kwa waganga huku ubongo wa mwanawe ukizidi kubanwa.

Tiba ya miaka mingi ni kuweka mrija. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, huingiza mrija mwembamba wa silikoni hadi kwenye chumba chenye maji, kisha huupitisha chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, mpaka tumboni ambako maji hufyonzwa na mwili. Vali iliyomo huyaruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Mrija huu umeokoa watoto wasiohesabika, lakini huharibika kama linavyoharibika bomba lolote: huziba, hukatika, au huingiwa na vijidudu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Amerika Kaskazini na Ulaya na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwa takriban watoto wanne katika kila kumi mrija ulishindwa kazi kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Hizo ni hospitali zenye kila kifaa, na watoto wake wanaishi mwendo mfupi kutoka chumba cha dharura.

Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani aliyehamia Mbale mwaka 2000, alikutana na swali ambalo mafunzo ya kwao hayakulipa uzito: mrija ukiziba usiku, kijijini, mtoto atafikaje hospitali? Kwa sababu ya swali hilo alianza kutumia kamera ndogo kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya, na papo hapo kuunguza sehemu ya tishu zinazotengeneza maji hayo. Matokeo aliyochapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, kuunganisha hatua hizo mbili kulifanikiwa kwa asilimia 66, na kutoboa peke yake kwa asilimia 47. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la watoto 100 pale pale Mbale, wote wakiwa chini ya miezi sita, lililolinganisha njia hiyo na mrija. Baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili wa makundi hayo mawili haukutofautiana. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na asilimia 24 ya waliowekewa mrija, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema njia moja imeishinda nyingine. Kwa mzazi, takwimu hizo zote zina maana moja: atumie njia ipi daktari, watoto wengi watahitaji kurudi, na hakuna anayejua mapema ni nani na ni lini.

Basi nani atakayetambua kwamba tiba imeshindwa? Daktari atamwona mtoto siku ya kliniki, huenda mara moja katika miezi kadhaa. Mzazi yuko naye usiku na mchana. Yeye ndiye ajuaye mtoto hulalaje, hunyonyaje, hulia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa anaumwa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa ujuzi huo ndio unaoamua kama mtoto atawahiwa. Dalili zenyewe ni za hila: kutapika, kusinzia kupita kiasi, homa, kukataa titi, kulia kusikonyamaza. Ni dalili zile zile za malaria na za matatizo ya tumbo. Mtoto mwenye dalili hizo akifikishwa zahanati, mhudumu atafikiria malaria kwanza, na hana kosa, kwa kuwa ndiyo anayokutana nayo kila siku. Kinachobadili mkondo wa mambo ni mzazi anayeweza kusema: mwanangu ana mrija kichwani, niliambiwa akitapika na kusinzia hivi nisisubiri, tafadhali mpigieni daktari wake. Sentensi hiyo haitoki kwa mtu aliyepewa karatasi ya kuruhusiwa na tarehe ya kliniki tu. Hutoka kwa mtu aliyefundishwa, na panapohesabiwa saa kabla ubongo haujaumia, ina nguvu sawa na dawa.

Hata kabla ya upasuaji, maelezo hulinda uhai. Chukua suala la kufunga. Mtoto anayesubiri dawa ya usingizi hapaswi kunyonya kwa saa nne hivi kabla, kwa sababu maziwa yaliyo tumboni yanaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amelala. Kwa daktari hiyo ni kanuni ya kawaida. Kwa mama ni saa ndefu za kumshika mtoto anayelia akitafuta titi lililo mbele ya uso wake, na asijue zamu yake itafika lini. Mama aliyeambiwa tu asimnyonyeshe, bila sababu, anaweza kushindwa na huruma akamnyonyesha kwa siri. Aliyeelezwa atavumilia, kwa kuwa anajua kilio kile kinamkinga mwanawe. Ndivyo ilivyo pia kwa fomu ya ridhaa. Mara nyingi mama huwa peke yake wodini, baba yuko mbali akitafuta riziki, na uamuzi unasubiri simu ya baba au ya bibi. Mama asiyeelewa hawezi kuwaeleza, na siku hupita. Ndivyo ilivyo pia baada ya kisu: asiyeambiwa kwamba atakuta kichwa kimenyolewa, uso umevimba na kuna uvimbe mdogo wa vali chini ya ngozi ataona kila kitu ni balaa, na katika hofu hiyo hataweza kutenganisha jambo la kawaida na la hatari.

Historia ya tiba hii inaonyesha wazazi wanaweza kuifikisha mbali wakishirikishwa. Mwaka 1955 John Holter, fundi mitambo wa Marekani, alipata mtoto mwenye mgongo wazi na maji kichwani. Eugene Spitz, daktari aliyemtibu, alimfafanulia kwa nini mirija ya wakati huo ilikuwa ikiharibika, na ndani ya muda mfupi Holter akabuni vali ya silikoni iliyotumika duniani kwa miongo mingi. Miaka mitano baadaye, mwana mchanga wa mwandishi Roald Dahl, ambaye katika ujana wake alikuwa mfanyakazi wa Shell mjini Dar es Salaam, aligongwa na teksi mjini New York, maji yakajaa kichwani na mirija ikaziba tena na tena. Dahl alimuunganisha Stanley Wade, mhandisi aliyetengeneza pampu ndogo za ndege za kuchezea, na daktari Kenneth Till wa London, na mwaka 1962 wakawa na vali isiyoziba kwa urahisi. Hatutarajii kila mzazi abuni chombo. La kuzingatia ni kwamba madaktari wale waliona mzazi anastahili kuelezwa jinsi tatizo linavyofanya kazi, na walichopanda kikazaa.

Wapo watakaosema mifano hiyo ni ya watu waliosoma, na kwamba mama wa kijijini aliyeishia darasa la nne hataelewa habari za vyumba vya ubongo. Hoja hii huwaonea akina mama. Wanawake hao hao hujifunza kumlea mtoto njiti kifuani kwa saa nyingi kila siku, na wenye watoto wa mgongo wazi hufundishwa kumtoa mtoto mkojo kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, kwa usafi na ratiba. Anayeweza hilo anaweza kujifunza dalili tano. Panapokosekana uelewa, kwa kawaida kosa ni la namna ya kueleza: maneno ya kitaalamu, haraka, na swali la “umeelewa?” ambalo kwa heshima ya daktari hujibiwa “ndiyo” hata pasipoeleweka.

Wengine huhofia kwamba ukweli utamtisha mzazi akimbie na mtoto. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana kusikia kwamba tiba inaweza kushindwa ni kuzito. Lakini tazama upande wa pili. Mzazi aliyeahidiwa kupona kabisa, mrija ukaziba baada ya miezi minne, ataona amedanganywa, na safari hii hatarudi hospitali. Atamwendea mwingine anayeahidi kupona. Ukweli uliosemwa mapema kwa upole humjengea imani inayostahimili siku mbaya. Wala haupingani na dua: mwenye kumtegemea Mungu naye huvaa ujasiri wa kuwahi.

Hoja nzito zaidi ni ya uhaba. Madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo katika nchi zetu ni wachache, foleni ni ndefu, na dakika ishirini za maelezo zinaweza kuonekana zimeibwa kwa mtoto mwingine anayesubiri. Jibu ni kwamba si lazima kazi hii ifanywe na bingwa. Muuguzi aliyeandaliwa ataifanya, na mara nyingi mama aliyekwisha kupitia njia hiyo ataifanya vizuri kuliko wote. Vyama vya wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi tayari vipo. Tena mtoto anayewahi kurudi huchukua kitanda kwa siku chache, na anayechelewa hukikalia kwa muda mrefu au hakifikii kabisa.

Liko pia onyo ambalo ni lazima tulikubali: tukisema mlinzi ni mzazi, tusije tukageuza kila kifo kuwa hatia ya mama. Ulinzi hauna maana pasipo mahali pa kukimbilia. Mzazi anayetambua dalili saa nane usiku anahitaji nambari ya simu inayopokelewa, zahanati inayoheshimu maneno yake, na usafiri usiosubiri mpaka mbuzi auzwe. Anahitaji pia mwenzi: baba afundishwe pamoja na mama, kwa sababu jukumu la miaka mingi halibebwi na mtu mmoja.

Kwa hiyo hospitali zetu ziweke sharti lililo rahisi kulipima. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo asiruhusiwe kutoka mpaka watu wawili wa familia yake wataje, kwa maneno yao wenyewe, alichofanyiwa, dalili za hatari, na wapi watakwenda zikitokea. Wakishindwa, waelezwe upya. Kadi ya kliniki iandikwe kwa Kiswahili kwamba mtoto huyu ana mrija, au alitobolewa njia ya maji, ili mhudumu yeyote aisome. Haya hayahitaji mashine wala mfadhili. Yanahitaji tukubali kwamba mtu anayekaa pembeni mwa kitanda yuko kazini, kama alivyo aliyevaa koti jeupe, na mwenye kazi hupewa maarifa ya kuifanyia.