Ruzuku ndogo na wananchi wasiotajwa

Fedha za misaada huzungumzwa sana katika Visiwa vyetu. Huzungumzwa bandarini, skuli na katika mabaraza ya kahawa, na kila mtu anaijua nchi iliyochimba kisima hiki na shirika lililojenga kituo kile cha afya. Lakini liko fungu moja la misaada hiyo ambalo halitajwi hadharani, na likitajwa hutajwa kwa matusi. Nalo ni ruzuku wanazopewa vikundi vidogo vya wananchi wanaopenda watu wa jinsia yao, vya wale wasiojiona katika jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, na vya mahuntha. Leo tumeamua kulizungumza fungu hilo, kwa sababu kunyamaza kwetu kumekwisha kutugharimu.

Tunajua wako wasomaji watakaotaka kulikunja gazeti hapa. Tunawaomba wasubiri kidogo. Hatukukusudia kumfundisha mtu dini yake. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar inajulikana inavyosema juu ya mambo haya, na chombo chenye mamlaka ya kuitunga au kuirekebisha ni Baraza la Wawakilishi. Swali letu ni la utawala. Mwananchi ambaye mwenendo wake hauwapendezi wengi, je, hubaki mwananchi anapougua, anapotolewa vyombo nje na mwenye nyumba, au anapopigwa njiani? Na kama hubaki, ni nani atakayemfikia?

Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulijibu sehemu ya swali hilo. Walipimwa wanaume 509 wanaofanya mapenzi na wanaume, na asilimia 12.3 kati yao walikutwa na virusi vya UKIMWI, wakati kiwango katika jamii nzima ya Visiwani kilikuwa chini ya asilimia 1. Utafiti wa namna hiyo hiyo uliporudiwa mwaka 2011 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 2.6. Wengi wa waliohojiwa walikuwa na wanawake pia. Kwa hiyo anayedhani kuwa maradhi haya yanakaa katika pembe moja ya mji na hayavuki barabara, anajidanganya. Yanarudi majumbani, kwa wake na kwa watoto.

Tuangalie pia jinsi watu hao walivyopatikana. Hawakuitwa kwa kipaza sauti wala kwa barua ya sheha. Waliopimwa mwanzo walipewa kuponi chache wawapelekee wenzao wanaowaamini, na wenzao nao wakawapelekea wengine, hata idadi ikatimia. Hapana daktari, diwani wala kada wa Chama ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Njia ilipita katika imani ya mtu kwa mwenzake. Hapo ndipo tunapoiona thamani ya kikundi kidogo: kinaufikia mlango ambao Serikali haina ufunguo wake.

Sasa tuitazame fedha yenyewe inavyosafiri. Sisi wa Visiwani tunaijua taabu ya bomba refu lenye viungo vibovu: maji hutoka kisimani kwa nguvu, na yakifika kwenye mfereji wa mwisho yanadondoka tone kwa tone. Ruzuku nyingi zina tabia hiyo hiyo. Nchi tajiri hutoa fedha kwa wakala wake. Wakala huajiri kampuni au shirika kubwa la kwao. Shirika hilo hufungua ofisi katika mji mkuu, hununua magari na kulipa wataalamu. Kisha hutafuta jumuiya ya kitaifa, na jumuiya hiyo ndiyo hutafuta kikundi cha mtaani. Kila kiungo hukata gharama zake. Kikundi kisichosajiliwa hakina akaunti ya benki, hivyo hulazimika kupokea fedha kupitia mikono ya jumuiya nyingine, nayo hukata fungu lake. Mwisho wa safari, vijana wanaokesha kuwasindikiza wagonjwa hospitali hupata nauli na chai, kisha hutakiwa kuandika ripoti kwa lugha ambayo si yao, wakieleza wamefikia vichwa vingapi.

Tena fedha hiyo huja na jina la mradi. Inaruhusu kununua mipira ya kinga na vipimo, lakini hairuhusu kulipa kodi ya chumba ambamo vipimo hivyo vinahifadhiwa, wala wakili wa aliyekamatwa, wala sanda ya aliyekataliwa na jamaa zake. Mtoaji anamwona mpokeaji kuwa ni njia ya kupitishia takwimu. Huko ni kumdhalilisha binadamu kwa mkono ule ule unaompa.

Ipo njia nyingine, na imebuniwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2009 ulianzishwa Nairobi mfuko uitwao UHAI EASHRI, ambao unatoa ruzuku kwa vikundi vya namna hii katika nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Utaratibu wake ndio uliotuvutia. Maombi ya ruzuku za mfuko huo hupimwa na kamati ya wanaharakati wenyewe, watu wanaotoka katika jamii hizo na wanaozijua shida zake, nao ndio huamua nani apewe. Vikundi vichanga, ambavyo mfadhili mkubwa hawezi hata kuviona, hupata nafasi ya kuanza. Sisi tuliolelewa katika siasa ya kushirikisha umma hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hilo. Tumekuwa tukisema miaka yote kuwa mpango wa maendeleo usiowashirikisha walengwa ni mpango wa makaratasi. Basi tusiseme hivyo kwa wakulima wa mwani na wavuvi, kisha tukanyamaza kwa wengine.

Ziko hoja mbili za kupinga, nazo zinastahili jibu la heshima.

Ya kwanza ni ya dini. Tuliomaliza juzuu chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali hatuipuuzi hoja hiyo. Hatumwombi shekhe yeyote abadilishe hukumu anayoiona katika vitabu. Lakini chuoni hapo hapo tulifundishwa kuwa kupeleleza aibu za watu ni haramu, kuwa sitara ni jambo kubwa, na kuwa mgonjwa ana haki juu yetu. Tulifundishwa pia kuwa wanavyuoni wa fikihi, karne nyingi kabla ya mashirika ya wafadhili kuzaliwa, waliandika milango juu ya huntha: arithi nini, asimame safu gani katika sala, ajeneziwe vipi. Hawakusema kuwa hayupo. Kenya ilipowahesabu watu wake mwaka 2019 iliwaandika mahuntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 imewatambua watoto wa namna hiyo. Kumhesabu mtu ndio mwanzo wa kumtendea haki.

Hoja ya pili ni ya ubeberu: kwamba fedha hizi ni za wageni na zina ajenda ya wageni. Hoja hii tunaipa uzito, maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitutahadharisha mapema juu ya kutegemea fedha za watu. Lakini hoja ya kweli lazima itumike kwa wote. Vyandarua vyetu vya malaria vimenunuliwa kwa fedha za kigeni. Dawa za kufubaza virusi, ambazo zimewainua maelfu kutoka vitandani, zimelipiwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani uitwao PEPFAR ulioanza mwaka 2003. Hatujasikia mtu akisimama kuzirudisha. Tena vifungu vya sheria tunavyovitetea kuwa ni utamaduni wetu vina nasaba ya kikoloni: Waingereza walikwisha kuviandika katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, wakavieneza katika himaya yao kabla ya kufika hapa. Anayetaka kuukagua mzigo wa mgeni na aukague wote.

Ubaya halisi wa kutegemea fedha za wageni tuliuona mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa amri moja. Baada ya siku chache ulitolewa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha, lakini vidonge vya kujikinga na virusi viliruhusiwa chini ya msamaha huo kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wakaachwa nje, nao ni miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Tarehe 1 Julai, USAID ilikoma kuendesha misaada ya nje. Vikundi vilivyojengwa kwa fedha hiyo katika Afrika yetu vilifunga milango bila ya hata muda wa kuwaaga wagonjwa wao. Mfereji ukifungwa ng'ambo ya bahari, anayekauka ni mtu wa hapa.

Kwa viongozi wetu, majirani wametuonyesha njia mbili. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria inayomtishia kifungo cha hadi miaka 20 mtu anayehesabiwa kuwa anaeneza mapenzi ya jinsia moja, na kutoa fedha kumeingizwa ndani ya kosa hilo. Mwaka mmoja kabla yake, shirika la Sexual Minorities Uganda lilikwisha kusimamishwa kazi kwa kutokuwa na usajili, usajili ambao lilikuwa limeuomba na kunyimwa. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliiacha sheria isimame mwezi Aprili 2024, lakini ilifuta kifungu kilichowalazimisha watu kuwaripoti wenzao. Hata mahakama iliyoikubali sheria iliona kuwa daktari hawezi kuwa daktari na mpelelezi kwa wakati mmoja.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Bodi ya kusimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kusajili jina la shirika la kutetea haki za watu hawa. Shauri lilianza mwaka 2013, likapita Mahakama Kuu mwaka 2015 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, hata Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 24 Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kuwa kunyimwa usajili kulivunja haki ya kujumuika. Sheria ya adhabu ya Kenya haikuguswa. Mahakama ilisema tu kuwa mtu hapotezi haki ya kukutana na wenzake kwa sababu ya alivyo. Uamuzi huo ni mdogo kwa maneno na mkubwa kwa maana, na tunaona hapana kinachozuia maofisa wetu kuutafakari.

Nasi tunayo historia yetu. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ya Tanzania Bara ilisimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi haya katika vituo binafsi 40. Kituo kikifungwa, maradhi hayafungwi pamoja nacho. Mgonjwa hurudi chumbani, na takwimu hurudi gizani.

Hatuvisifu vikundi vyote kwa pamoja. Viko vinavyoishi ndani ya mkoba wa mtu mmoja, mwenyekiti ni yeye, mhasibu ni mdogo wake, na wanachama ni majina katika karatasi ya mahudhurio. Ukabaila wa namna hiyo ni ule ule tunaoupiga vita katika vyama vya ushirika. Dawa yake ni hesabu zilizo wazi mbele ya wanachama, na uchaguzi wa kweli. Lakini mtu anayelazimishwa kujificha hawezi kuonyesha daftari lake. Tukitaka hesabu safi, tumpe kwanza mahali pa kuzisomea.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, Mrajis aipime jumuiya kwa kazi inayofanya, ikiwa ni kupima afya, kutoa ushauri na kuzuia ukatili, pasipo kuuliza wanachama wake wanalala na nani. Pili, majina ya wanaohudumiwa yasiombwe na sheha wala polisi. Siri ya mgonjwa iwe siri. Tatu, bajeti yetu wenyewe ya afya itenge fungu, hata likiwa dogo, la kazi ya vikundi vinavyofika tusikofika. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliweka lengo kuwa asilimia 80 ya kazi ya kinga kwa makundi yaliyo hatarini ifanywe na jumuiya zao wenyewe ifikapo 2025. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba lazima kiwepo. Nne, wafadhili wanaobaki wapokee maombi na ripoti kwa Kiswahili, walipe kodi na mishahara midogo bila ya kunung'unika, na wawaachie wenyewe kuamua lipi litangulie.

Imani ya kwanza ya Chama chetu ni kuwa binadamu wote ni sawa, na ya pili kuwa kila mtu anastahili heshima. Haikuandikwa pembeni kwamba isipokuwa fulani na fulani. Ni rahisi kuitamka imani hiyo mbele ya umati unaoshangilia. Kipimo chake kipo kwa afisa aliyekaa na faili mezani, anayeombwa sahihi na mtu ambaye mtaa mzima unamzomea. Huyo ndiye tunayemwandikia leo, na tunamwomba alifungue faili hilo, alisome, na alijibu.