Pima Papa Kabla Hajakatwa

Ndugu mkulima wa pwani, leo tuweke jembe kando kidogo. Najua wengi wenu huko Mafia, Kilwa na Pemba mchana mko kwenye minazi na mihogo, na usiku mko baharini. Basi habari ya papa ni yenu pia, hasa papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo. Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa walimwingiza katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sasa papa hahesabiki kama mbuzi zizini. Tutajuaje kama anapungua? Njia mojawapo ni kumpima urefu. Huhitaji mashine, unahitaji daftari, kalamu na kipimo. Lakini angalia: futi kamba ya fundi cherehani huishia sentimita 150, na jike mzima anapita hapo. Afadhali utie alama kwenye ufito mrefu. Mlaze papa chini, upime kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya pua hadi ncha ya juu ya mkia. Usifuate mviringo wa mwili. Mimi mwenyewe nilishawahi kuchelewa dikoni, nikakuta vichwa huku, mapezi kule, na nyama imekwisha kutiwa chumvi. Nikarudi na karatasi tupu.

Halafu mtazame tumboni. Dume ana viungo viwili kama vidole karibu na mapezi ya nyuma, jike hana. Andika yupi ni yupi, maana dume wa pingusi hupevuka akiwa na sentimita 140 hadi 165, lakini jike mpaka apite mita mbili. Wakizaliwa huwa na nusu mita hivi.

Tuseme umepima papa 40, na 34 hawafiki sentimita 140. Basi katika hao 34 hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa. Mfugaji anayechinja mitamba anajua zizi lake litakuwaje. Tena papa si kama changu anayetaga mayai kwa maelfu; pingusi hubeba mimba miezi tisa au zaidi, akazaa watoto wa kuhesabika.

Lakini usiharakishe kuhukumu. Wavu wa macho madogo hunasa wadogo, na pingusi huzaa karibu na pwani, kwenye maji machache, kwa hiyo ukitega huko utapata watoto hata kama wakubwa bado wamejaa nje. Ndiyo maana kando ya kila papa uandike aina ya wavu, ukubwa wa macho, mahali na mwezi. Linganisha jarife na jarife, kaskazi na kaskazi. Kama wavu ni uleule na mahali ni palepale, na bado wakubwa wanapungua mwaka hadi mwaka, hapo tunavua kupita kiasi.

Mpelekee Bwana Samaki daftari lako. Ikionekana watoto wengi wanatoka ghuba fulani miezi fulani, kijiji kinaweza kukubaliana nyavu zisitegwe pale miezi hiyo. Kumrudisha majini mara nyingi hakusaidii, kwani pingusi hufa upesi akishanaswa.

Na papa uliyemkuta ameshakatwa usimkisie urefu. Mwache, usimwandike.