Mtoto Hulia Ndege Ikishuka: Mlango Mdogo Nyuma ya Pua

Msomaji mmoja wa Mtendeni, Tabora mjini, ameniandikia kuhusu mjukuu wake wa miezi saba. Mama mtu anampeleka Muscat akaonwe na ndugu za baba yake. Watapanda ndege Tabora, washuke Dar es Salaam, wabadilishe, kisha zaidi ya saa tano angani mpaka Oman. Bibi anasema kipande cha Tabora na Dar hakimpi wasiwasi, ni kifupi, chini ya saa mbili. Kinachomnyima usingizi ni hicho kirefu. Ameshasikia jinsi watoto wanavyolia ndani ya ndege kwa maumivu ya masikio, na anauliza kama masikio ya mtoto mdogo kiasi hicho yatastahimili saa zote hizo.

Shikamoo, bibi. Hofu yako ina msingi, ila umeiweka mahali sipo. Sikio halihesabu saa. Ndege ikishatulia juu, mtoto akae humo saa moja au kumi na tano, ndani ya sikio lake hakuna kinachobadilika. Kazi yote iko kwenye kushuka. Na kushuka kwa kutua Dar es Salaam kunalidai sikio sawasawa na kushuka kwa kutua Muscat, kwa kuwa viwanja vyote viwili viko karibu na usawa wa bahari. Kwa mtoto aliyezaliwa Tabora, mtihani wa kwanza ni hiyo ndege fupi unayoiona haina neno.

Mambo ya pasipoti, nepi na uzito wa begi shirika la ndege litamweleza mama. Mimi nataka tuzungumze hewa.

Ndege ya abiria ikiwa juu hujazwa hewa, lakini haijazwi mpaka ilingane na hewa ya pwani. Kanuni za usafiri wa anga zinataka hewa ya ndani isiwe nyepesi kuliko ile ya mlimani kwenye futi 8,000, yaani mita 2,400 na ushei, na ndege nyingi hukaribia kikomo hicho. Sasa tupige hesabu. Mgandamizo wa hewa unaweza kupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile ambacho muuguzi hukitumia anapokupima presha na kukwambia 120 kwa 80. Pwani, hewa hutugandamiza kwa 760. Tabora, iliyo kama mita 1,200 juu ya bahari, ni 660 hivi. Ndani ya ndege iliyofika kikomo ni 565. Kwa hiyo anayetoka angani kutua Tabora, sikio lake lina pengo la 95 la kusawazisha. Anayetua Dar au Muscat ana pengo la 195, zaidi ya mara mbili.

Mama anaweza kuliona pengo hilo kwa macho. Anywe maji yake ya chupa ndege ikiwa juu, yakiisha afunge kifuniko sawasawa na kuitia chupa kwenye mfuko wa kiti cha mbele. Wakitua Dar ataikuta imebonyea, mbavu zimeingia ndani, karibu robo ya ujazo wake imepotea na hakuna aliyeigusa. Akifanya vivyo hivyo siku ya kurudi Tabora, itapungua kama sehemu moja tu kati ya saba. Hiyo ni kanuni ya Boyle, ileile inayofundishwa sekondari, na hewa iliyofungiwa ndani ya sikio inaifuata bila kuomba ruhusa.

Hewa hiyo ni kidogo, haijazi hata kijiko cha chai. Inakaa katika sikio la kati, kijumba kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio, na kijumba hicho kina njia moja tu ya kupata hewa mpya: upenyo mwembamba unaoteremka mpaka nyuma ya pua, juu ya koo. Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia, aliueleza katika karne ya 16, na vitabu vya biolojia vinauita mrija wa Eustachi. Mrija sikubaliani nao. Mrija huwa wazi ncha hadi ncha, ndiyo maana tunaunyonyea soda. Huu muda mwingi umefumba, kuta zake laini zimelaliana. Neli nayo ni ngumu mno, mwanafunzi atafikiria bomba. Mimi nitauita ujia, neno tunaloitia njia nyembamba ya kupita kati ya nyumba na nyumba, na ningependa walimu wa sayansi walijaribu darasani.

Ujia huo una tabia moja inayonifurahisha kila ninapoifikiria: hewa hutoka kwa wepesi na huingia kwa taabu.

Chukua nyumba ya harusi hapo Mtendeni, yenye mlango mmoja unaofunguka kwa nje tu. Watu wakijaa ndani mpaka wanasukumana, mlango unaachia wenyewe, wachache wanamwagika nje, ndani panapumua, mlango unajirudisha. Ndivyo ilivyo ndege inapopanda. Hewa ya nje inapungua, iliyo sikioni inatanuka, na ziada ikifika kama 15 tu katika kipimo chetu cha zebaki, ujia unaachia. Unasikia "pwa!" na mambo yamekwisha. Hukufanya lolote, na mtoto naye halazimiki kufanya lolote. Ndiyo maana ndege ikipaa vilio vya masikio huwa vichache.

Geuza sasa. Ndani watu wamepungua, nje wageni wanazidi kufika, kila mmoja anataka kuingia, na kila mmoja anausukuma mlango. Lakini mlango unafunguka kwa nje. Kadiri wanavyosukuma ndivyo wanavyoufunga. Wapo wageni watatu, umefungwa kidogo. Wapo thelathini, hautikisiki. Hii ndiyo hali ya sikio ndege inaposhuka: hewa iliyo puani inazidi nguvu, inataka kuingia sikioni, na kwa kutaka kwake inazigandamiza kuta laini za ujia zishikane zaidi. Huku upande wa pili kiwambo cha sikio kinasukumwa kwa ndani, kinavutika, na hayo ndiyo maumivu.

Yupo bawabu, hata hivyo. Amesimama nje kando ya mlango, ameshika kitasa, kazi yake ni kuuvuta. Bawabu huyu ni msuli mdogo wa kaakaa laini, na hufanya kazi kila tunapomeza au kupiga mwayo. Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa London, ndiye aliyeonyesha mwaka 1853 kwamba kumeza ndiko kunakoufungua ujia. Wageni wakiwa watatu, bawabu anavuta, wanaingia, mlango unafungwa, anawasubiri watatu wengine. Usiku mzima utakwenda hivyo bila vurugu. Lakini akisinzia, akazinduka wageni wameshakuwa thelathini, wote wameuegemea mlango, atavuta mpaka mikono imuume na hautafunguka. Katika sikio kiwango hicho kinajulikana: pengo likifika karibu 90, msuli wa kaakaa hauwezi tena. Hapo ujia umejifunga, na dawa ya hakika ni kupunguza wageni, yaani ndege ipande tena juu kidogo, jambo ambalo rubani wa ndege ya abiria hatalifanya kwa ajili ya sikio moja.

Tazama basi hesabu ya bibi inavyogeuka. Hewa ya ndani ya ndege huongezwa polepole, kwa kawaida kama futi 300 kwa dakika, ili abiria wasiumie. Kutoka futi 8,000 mpaka pwani ni dakika 27 hivi. Mtoto aliyelala fofofo bila kumeza atafika kwenye 90 baada ya kama dakika 13, na mbele yake kuna pengo jingine la zaidi ya 100 kabla magurudumu hayajagusa lami ya Dar. Akitua Tabora katika hali hiyohiyo, anafika kwenye 90 mlangoni mwa kutua. Kwa hiyo wenyeji wa Tabora wanaosimulia kwamba mtoto hulia wakienda Dar na kunyamaza wakirudi wanasimulia fizikia.

Urefu wa safari haumo kabisa katika hesabu hii. Boeing 787, ambayo Air Tanzania iliipokea ya kwanza Julai 2018, ina mwili uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, unaohimili hewa nzito zaidi ndani, hivyo kikomo chake ni futi 6,000 badala ya 8,000. Mtoto atakayeruka nayo kutoka Guangzhou mpaka Dar, usiku kucha, atakuwa na pengo la 151 wakati wa kushuka. Ndugu yake aliyetoka Tabora asubuhi hiyo kwa ndege iliyofika futi 8,000 ana 195.

Na mtoto si mtu mzima mdogo. Ujia wake una nusu ya urefu wa ule wa mama yake, na umelala: kwa mtu mzima unateremka kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi, kwa kichanga ni kama 10 tu. Gegedu lake bado ni laini mno, kuta zinalaliana upesi, na bawabu mwenyewe ni mchanga, anauvuta mlango kwa pembe isiyompa nguvu. Mpaka afike miaka saba hivi ndipo ujia huo unapofanana na wa watu wazima. Hapo katikati kamasi kidogo tu linatosha kuuziba.

Aliyepata kuumwa sikio angani na habari zake zikaandikwa, miongoni mwa wa mwanzo kabisa, alikuwa mtu mzima, tena bingwa wa hewa: Jacques Charles, Mfaransa ambaye jina lake wanafunzi hulikuta kwenye kanuni ya Charles. Tarehe 1 Desemba 1783 alipaa kwa puto la hidrojeni kutoka Paris akiwa na mwenzake, wakatua salama. Kisha akapaa tena siku hiyohiyo, peke yake, mpaka kama mita 3,000. Sikio lake la kulia likamuuma vibaya. Akashuka, na hakuruka tena maisha yake yote.

Waliokwenda na kurudi Unyanyembe, nchi ya Tabora, kwa miguu hawakuyajua maumivu hayo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kazeh, ambayo leo ni Tabora, wakafika Novemba 1857. Ukigawa, ni wastani wa mita tisa za kupanda kwa siku. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri katika njia hiyohiyo pamoja na wake zao, watoto wakiwa wamebebwa mgongoni, na mtoto aliyeteremka nao mpaka Bagamoyo alisawazisha polepole pengo la 100 lililo kati ya Tabora na pwani, ambalo leo tunalimaliza kwa muda wa kunywa chai. Hata reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilimpa mtoto siku nzima na zaidi ya kumeza mate.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kuna desturi ya kumpa mtoto dawa ya mafua au ya aleji ili alale safari nzima, na watu hushauriana hivyo kwa nia njema. Tafadhali, msifanye hivyo. Baadhi ya dawa hizo, promethazini kwa mfano, hazitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa zinaweza kumpunguzia pumzi. Na hata kama zingekuwa salama, zingelifanya lilelile tusilolitaka: aliyelala humeza mara chache mno, na aliyeleweshwa dawa ndiyo kabisa.

Kosa la pili ni la upendo mtupu. Mama anamnyonyesha mtoto wakati wa kupaa, wakati mlango unajifungua wenyewe. Mtoto anashiba, analala, na ndege inapoanza kushuka hataki titi tena. Titi liwekwe akiba. Rubani akitangaza kwamba wanaanza kushuka, au masikio ya mama yenyewe yakianza kuziba, amwamshe mtoto hata kama ana usingizi mtamu, amnyonyeshe taratibu, amkatize, amnyonyeshe tena, mpaka watue. Wa chupa anyonye akiwa ameinuliwa kichwa, asilale chali. Kaka au dada wa miaka mitano anywe juisi kwa mrija, funda dogo dogo, au afundishwe kupiga mwayo wa uongo. Mwayo wa uongo huleta wa kweli.

Na akilia, basi alie. Ndani ya kilio kuna kumeza kwingi, na hewa ya puani husukumwa juu kwa nguvu. Mara nyingi ujia hufunguka hapohapo na mtoto ananyamaza ghafla. Abiria wa jirani anayemkazia mama macho angemsaidia zaidi kwa kumshikia chupa.

Mtoto mwenye mafua makali, au aliyetoka kuugua sikio, daktari amwone kwanza. Wa siku chache tu tangu kuzaliwa asubirishwe.

Mjukuu wako, bibi, ana mishuko miwili kwenda na miwili kurudi. Dar na Muscat aamshwe mara rubani anapotangaza. Ule wa mwisho, wa Tabora, mama anaweza kumwacha asinzie kidogo zaidi, ila zikibaki dakika kumi watue, ampe titi.