Kipimo Kiko Mkononi mwa Nani?

Mjini Kolwezi, jimboni Lualaba nchini Kongo, noti ya dola 100 haipokelewi kwa kuangaliwa sura tu. Mbadilisha fedha, ambaye kila mtu humwita kambisti, huishika kwa vidole viwili, huiinua kwenye mwanga, hupitisha ukucha kwenye bega la Franklin kuhisi mkwaruzo wa chapa, kisha hukagua kingo zote nne. Mpasuko mdogo kuliko ukucha huo unatosha kumrudishia mwenyewe noti yake, ingawa Marekani iliyoichapa ingeipokea bila neno. Jioni, katika mji huohuo, mtaani Dilala au Manika, simu huleta mkataba wa kufundisha Kiingereza nchini China. Una muhuri mwekundu, saini iliyonyooka kupita kiasi, na jina la shule lililoandikwa kwa namna tatu katika kurasa mbili. Familia hukaa kikao cha kutafuta ada.

Ni rahisi kusema kwamba tofauti hapo ni ujinga, na wanaosema hivyo kwa kawaida tayari wana kazi. Tofauti ni ya kipimo. Noti hupimwa na anayeipokea: macho yake, ukucha wake, uzoefu wake. Mkataba wa ng'ambo hupimwa kwa zana za anayeuuza. Namba ya simu ya shule ameitoa yeye, tovuti ameitaja yeye, na yule shahidi aliyeondoka mwaka jana akafanikiwa ni rafiki yake. Kwa hiyo wakala mwongo hatambulikani kwa uso wala kwa utamu wa ahadi. Yapo maswali mawili yanayomfichua kuliko mengine yote: pesa zinatoka upande gani, na kipimo kiko mkononi mwa nani.

Wateja wake hapa Lualaba hawakuota kama uyoga. Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi ya umma kuwa bure, na michango ya wazazi iliyokuwa ikiongezea mshahara wa mwalimu ikapigwa marufuku. Walimu wengi wa kundi linaloitwa NU, yaani wanaofundisha bila kuingizwa bado katika orodha ya malipo ya serikali, waliendelea kusubiri mshahara ambao kwa hesabu rasmi haukuwa wao. Wakati huohuo migodi ya shaba na kobalti imeleta Wachina, Wahindi na Waafrika Kusini, na ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa kuna Zambia inayofanya kazi zake kwa Kiingereza. Mwalimu aliyesomea lugha hiyo katika chuo cha ualimu cha ISP huiona ikiuzwa ghali kwenye lango la mgodi na rahisi darasani kwake. Akiambiwa kwamba kuna mahali darasa nalo hulipa kama lango la mgodi, haoni ajabu yoyote.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya nyumbani kabisa. Katika ukanda wa shaba, kazi imekwisha zoeleka kuwa kitu kinachopitia kwa mtu. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ, kituo cha msaada wa sheria cha Kolwezi, walichunguza migodi mitano mikubwa ya viwanda na kukuta kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wake waliajiriwa kupitia wakandarasi wadogo. Maana yake, kati ya mgodi na mchimbaji husimama kampuni ya tatu, na nyuma ya kampuni hiyo mara nyingi husimama mtu anayemjua mtu. Sheria ya ukandarasi mdogo ya tarehe 8 Februari 2017 ilikusudia kuwapa Wakongo sehemu ya biashara ya migodi. Wapo walioielewa kuwa inawapa sehemu ya mshahara wa Wakongo wenzao. Malalamiko ya watu kudaiwa pesa ili jina liingie kwenye orodha ni ya kila siku. Anayetokea huku hashtuki akidaiwa dola kwa ajili ya kazi ya ualimu. Angeshtuka asingedaiwa.

Ndiyo maana swali la pesa lazima litangulie. Utapeli wa ajira hauhitaji mwajiri, unahitaji foleni ya waombaji. Tuseme ada ya kwanza, ile ya dosie, yaani faili la maombi, ni dola 30: kiasi ambacho mtu anaweza kukipoteza bila kwenda polisi. Wiki mbili baadaye barua ya kukubaliwa inafika, na pamoja nayo ada ya viza. Kisha hudaiwa dhamana ambayo itarudishwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa kazi, kisha nyongeza kwa sababu ubalozi umebadilisha utaratibu. Kila ada ni kubwa kuliko iliyoitangulia, na kila moja inalipwa ili kuokoa zilizokwisha lipwa. Wachumi huiita hali hiyo gharama iliyozama: pesa ambayo hairudi hata ukiamua vipi, lakini inaendelea kukuamulia. Tapeli huvuna huruma ya mtu kwa pesa zake mwenyewe, na huruma hiyo haina ukame.

Kinachomficha ni kwamba safari halali nayo ina gharama za kweli. Pasipoti hulipiwa, tena kwa Mkongo iliwahi kuwa dola 185, mojawapo ya pasipoti ghali zaidi duniani. Hulipiwa pia chanjo ya homa ya manjano, hati ya kutokuwa na kosa la jinai, tafsiri na mihuri ya kuhalalisha diploma. Balozi ziko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kolwezi, kwa hiyo mtu anayesema "nipe, nitakushughulikia kule" anauza huduma yenye maana. Ila gharama hizi zina alama moja: zinalipwa kwenye dirisha la taasisi, kwa bei inayojulikana, na risiti hubeba jina la taasisi hiyo. Ada inayotumwa kwa M-Pesa kwenda kwenye namba ya mtu binafsi haina dirisha. Kanuni hapa haina haja ya maelezo marefu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997, kuhusu mawakala binafsi wa ajira, unasema kwa msingi kwamba mfanyakazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Wakala anayekutoza amekwisha kukuambia mteja wake ni nani.

Lakini msomaji asiishie hapo, kwa sababu kanuni ya pesa hukamata wezi wadogo na kuwaachia wakubwa. Katanga yenyewe, jimbo la zamani lililobeba Lualaba ya leo, ni ushahidi. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi iliyowaandikia migodi watu wa kazi. Waandikishwaji hawakutozwa chochote. Waajiri ndio waliolipa, kwa hesabu ya vichwa. Utaratibu huo ulikuwa safi kabisa kwenye vitabu vya hesabu, na vijijini watu walikimbilia porini waliposikia mwandikaji yuko njiani. Anayelipwa kwa kichwa huleta vichwa.

Mtambo huohuo umerudi karne hii ukiwa na intaneti. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana kuhusu kazi za Thailand, zikiwemo za ualimu, mauzo na huduma kwa wateja. Baadhi ya waliozikubali walilipiwa tiketi, wakapokelewa uwanja wa ndege, wakavushwa mpaka usiku hadi maeneo ya Myawaddy nchini Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti na kufungiwa katika majengo ya utapeli wa mtandaoni. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa katika mazingira ya namna hiyo. Mapema 2025 maelfu walitolewa humo na kuvushwa kuelekea Mae Sot, upande wa Thailand, wakiwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Walitakiwa watu wanaojua Kiingereza ili waandikiane na wanaotapeliwa Marekani na Ulaya. Hitaji la Kiingereza, kwa haki kabisa, halikuwa uongo.

Basi anayedaiwa ada ni mteja wa tapeli, na anayelipiwa kila kitu bila kuulizwa hata diploma huenda ndiye bidhaa. Hapo swali la pili ndilo huamua.

Mchimbaji mdogo wa Lualaba analijua swali hilo kuliko profesa yeyote. Kwenye depo za kununulia madini, kama zile za Musompo, mfuko wa mawe hupimwa kwa kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji hukiita metorex. Mnunuzi anakielekeza kwenye mawe, namba inatokea, na namba hiyo ndiyo bei. Wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba kifaa kikiwa cha mnunuzi, kiwango cha shaba na kobalti hushuka chenyewe njiani kutoka shimoni hadi mizani. Mwenye uwezo hupeleka sampuli kupimwa mahali pengine kabla ya kuuza. Hamtukani mnunuzi wala hamtuhumu. Anatafuta tu namba ambayo haikupita mkononi mwake.

Mwombaji wa kazi ya ualimu afanye vivyo hivyo. Atafute shule kwa njia yake, asibonyeze kiungo alichotumiwa. Aandikie anwani iliyoko kwenye tovuti ya shule au ya idara ya elimu ya mji husika. Aulize kama nafasi ipo na kama wakala huyo anajulikana. Aombe kuzungumza na mwalimu aliyemchagua yeye, si aliyechaguliwa na wakala. Namba ya RCCM, yaani ya daftari la usajili wa biashara, isimlaze usingizi: inathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, haithibitishi kwamba ina kazi. Muuza nyanya naye anaweza kuwa nayo.

Kipimo kikali kuliko vyote ni kibali cha kazi, kwa sababu katika nchi nyingi mwombaji wake wa kwanza ni mwajiri. China humtaka mwajiri aombe idhini ya kumwajiri mgeni kabla mgeni hajaondoka kwao; kwa idhini hiyo ndipo hupata viza ya Z, na akishafika ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Viza ya utalii, ya biashara au ya masomo haimruhusu kufundisha kwa mshahara. Tanzania nayo, chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, huanzia kwa mwajiri. Kwa hiyo anayesema "ingia kwa viza ya matembezi, tutaibadilisha hukohuko" amekueleza, kwa ufupi wa kupongezwa, kwamba hakuna mwajiri aliyekuombea.

China ina kigezo kingine ambacho matangazo ya Kolwezi hayakitaji. Kanuni za vibali zilizotumika nchi nzima tangu Aprili 2017 zinasema kwamba mwalimu wa lugha, kwa kawaida, afundishe lugha mama ya nchi anakotoka, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 2, ingawa wenye shahada ya ualimu au cheti cha kimataifa cha kufundisha lugha husamehewa uzoefu. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Tena tangu 2021 serikali ya China imebana vikali biashara ya masomo ya ziada, na shule nyingi binafsi za Kiingereza zikafungwa. Mwalimu wa ISP anaweza kukimudu Kiingereza kuliko kijana wa Manchester, na bado pasipoti yake ikamkwamisha dirishani. Hilo si haki. Lakini wakala anayeifahamu kazi yake analijua, na anatakiwa alitamke kabla ya kutaja bei.

Hapa ndipo maswali yote mawili yanapokutana. Wakala wa kweli hukataa watu. Analipwa na shule, na shule ikiletewa mwalimu asiyeweza kupata kibali humrudisha na kudai fedha zake. Hivyo "hapana" ni sehemu ya kazi yake. Tapeli hamkatai mtu, kwa kuwa kila anayeingia analeta ada, na wa Myanmar hamkatai mtu kwa kuwa kila anayeingia ni kichwa. Wakala mkweli angemwambia mwalimu huyu kwamba bidhaa adimu aliyonayo ni Kifaransa, kinachotafutwa katika shule za Tanzania, Kenya na Uganda, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022. Mshahara wa huko ni mdogo kuliko wa kwenye tangazo. Una faida ya kuwepo.

Anayepokea mkataba kwa simu basi amuulize aliyemletea: mwaka huu umewakataa wangapi, na kwa sababu gani? Swali halina gharama, na jibu lake haliwezi kutengenezwa kwa muhuri. Akijibiwa kwamba hajakataa mtu, na kwamba nafasi zinafungwa Ijumaa, aisubiri Jumatatu. Shule iliyokaa bila mwalimu muhula mzima itavumilia siku tatu.