Kuijua Dini ya Jirani
Jirani akifiwa wamsaidia kuchimba kaburi. Lakini je, waijua dini yake? Pasipo elimu huingia dhana, na dhana huvunja ujirani.

Huko Kenya kuna chuo cha Kikristo, St. Paul's, kilichoanzishwa mwaka 1903 Frere Town, karibu na Mombasa, kuwafundisha makasisi. Mwaka 1930 kilihamia Limuru. Mwaka 2007 kikapewa hati ya Chuo Kikuu. Katika kituo chake cha Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Waislamu wengi, watu husomea Uislamu na uhusiano wa dini hizo mbili. Shabaha si kuacha imani yako, bali kuieleza ya mwenzio pasipo kuipotosha.

Nawe anza nyumbani: muulize jirani mwenyewe kwa nini afunga, naye akuulize wewe.