Timu Hurithiwa Nyumbani: Kumbukumbu za Kwanza za Mashabiki wa Connecticut

Wasomaji wetu waheshimiwa, muulizeni shabiki yeyote wa makamo awaeleze alivyoijua timu yake mara ya kwanza, nanyi mtaona ajabu. Matokeo ya siku ile huenda ameyasahau, na majina ya wachezaji atayataja kwa kubahatisha. Lakini atawaeleza bila kusita redio iliwekwa wapi, nani alikaa kando yake, na ni nani aliyewanyamazisha watoto mpira ulipokaribia goli. Sisi tuliokulia Pwani twalijua hilo vyema, kwani wengi wetu tuliujua mpira kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela kabla hatujauona uwanja kwa macho.

Juma hili tumependa kuwapeleka mbali, hadi jimbo dogo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani, tulitazame jambo hilo kwa watu wengine na katika mchezo mwingine: mpira wa vikapu wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko wako watu waliozeeka wakiipenda timu ya wanafunzi, na wajukuu wao wakaipenda vilevile. Tumejiuliza: mapenzi hayo huanzia wapi?

Yafaa kwanza tueleze kwa nini timu ya chuo ipendwe na jimbo zima. Connecticut iko baina ya New York na Boston, miji yenye timu kubwa za kulipwa na yenye majivuno yake. Timu kubwa ya kulipwa iliyokuwa na makao Connecticut yenyewe, Hartford Whalers ya mpira wa magongo wa barafuni, ilihama mwaka 1997. Walichobaki nacho wenyeji ni chuo chao, kilichoko Storrs, mahali pa mashamba na vilima yapata kilomita 40 mashariki ya mji wa Hartford. Chuo hicho kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, kwa ardhi na fedha walizotoa ndugu wawili, Charles na Augustus Storrs. Hapana aliyedhani kuwa mahali pa ng'ombe na viazi patakuja kujulikana kwa mpira.

Tena kuna baridi. Msimu wa mpira wa vikapu wa vyuo huanza Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili. Huko, mwezi wa Disemba, jua hutua yapata saa kumi na nusu, wakati ambapo kwetu watoto ndio kwanza wanatoka kucheza. Theluji huanguka, milango hufungwa, na jamaa wote hukusanyika chumba kimoja chenye joto. Ndipo mechi hufunguliwa, redioni au katika televisheni, na mtoto mdogo asiyejua hata kanuni moja ya mchezo hujikuta amekaa katikati ya wakubwa.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Mwanafunzi, kwa desturi, huichezea timu ya chuo misimu isiyozidi minne, kisha huondoka zake. Kwa hiyo timu ya chuo ni kama nyumba ya wageni: kila mwaka hawa huingia na hawa hutoka, na baada ya miaka mitano hamna hata mmoja wa wale wa kwanza. Wanaobaki ni kocha kwa muda wake, jina la chuo, na wale wanaotazama. Mtoto hawezi kuijua timu ya jana kwa kuwatazama wachezaji wa leo. Lazima awepo mtu wa kumsimulia.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza suala la kumbukumbu za utotoni kwa zaidi ya miaka 100. Wameona kwamba watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, na kwamba mambo ya miaka michache inayofuata hubaki vipande vipande. Watafiti kama Robyn Fivush na Elaine Reese wameonyesha jambo linalowahusu sana wazazi. Watoto ambao mama zao huzungumza nao kwa kirefu juu ya mambo yaliyopita, wakiwauliza maswali na kuwaongezea maelezo, hukua na kumbukumbu nyingi zaidi na zenye maelezo zaidi. Maana yake ni kuwa kumbukumbu ya mtoto hailali kifuani mwake peke yake. Huwekwa na watu wawili, na hutunzwa kwa kuzungumzwa.

Sasa tutazame usiku mmoja ambao watu wengi wa Connecticut huuhesabu kuwa mwanzo wao. Ilikuwa tarehe 22 Machi 1990. Timu ya wanaume, chini ya kocha Jim Calhoun aliyekuja mwaka 1986, ilikuwa imeingia katika mashindano makuu ya vyuo, ambayo kanuni yake ni kali: anayeshindwa mara moja hurudi nyumbani. Ilicheza na Clemson. Ikaongoza kwa pengo kubwa, kisha pengo likayeyuka, hata Clemson ikawa mbele 70 kwa 69. Saa ilikuwa imebakiza sekunde moja tu. Scott Burrell akasimama nyuma ya mstari wa upande wake, akautupa mpira urefu wa uwanja mzima. Tate George akaudaka karibu na pembe, akageuka, akarusha. Mpira ukaingia. Connecticut 71, Clemson 70.

Aliyekuwa na miaka sita usiku ule leo amevuka arubaini. Yamkini hakuelewa sekunde moja ni kitu gani. Alichokiona ni baba yake, mtu mzima mwenye heshima zake, akiruka kutoka kitini na kupiga kelele. Na mama yake akicheka huku akijifuta machozi. Kwa mtoto, hilo ndilo la ajabu. Hupata kujua kuwa wazazi wake nao wana kitu wanachokipenda hadi kupoteza utulivu, na hutaka kuingia ndani ya furaha hiyo.

Siku mbili baadaye timu ile ile ilikutana na Duke. Mechi ikaenda hadi muda wa ziada, Connecticut ikiongoza kwa pointi moja. Tate George yule yule akaupata mkononi mpira wa wapinzani, nusura aushike, ukamponyoka na kutoka nje. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili na nukta kadhaa. Duke wakaurudisha mpira uwanjani, Christian Laettner akarusha, ukaingia: 79 kwa 78. Safari ikaisha.

Basi wako ambao kumbukumbu yao ya kwanza ni ile ya kushinda, na wako ambao ni hii ya kushindwa: nyumba imenyamaza, televisheni imezimwa, baba amekaa kimya, na mtoto hajui kama aruhusiwa kuzungumza. Msidhani hawa wa pili waliipenda timu kidogo. Mtoto aliyemwona mkubwa wake akishindwa bila kutukana, bila kuvunja kitu, akaamka asubuhi na kwenda kazini kama desturi, amejifunza jambo ambalo ushindi haufundishi. Na aliyemwona mkubwa wake akibwaga hasira kwa mke na watoto kwa sababu ya mpira, hilo nalo hatalisahau. Mechi huisha kwa saa mbili. Sura ya mzazi hubaki miaka 40.

Wasomaji wetu wa kike wapendwa, msije mkafikiri kuwa hadithi hii ni ya akina baba na wana wa kiume tu. Chuo hicho kilianza kuwapokea wanawake rasmi mwaka 1893, lakini timu yao ya mpira wa vikapu ilikuwa haitajwi. Mwaka 1985 ilikabidhiwa Geno Auriemma, kocha mzaliwa wa Italia, na katika historia yake yote hadi siku hiyo ilikuwa imepata msimu mmoja tu ambao ushindi ulizidi kushindwa. Katika miaka ya 1990 televisheni ya umma ya Connecticut ikaanza kuzionyesha mechi zao. Hapo milango ikafunguka. Mabibi wazee ambao katika ujana wao hawakuwahi kupewa mpira shuleni wakawa wanazingojea mechi kama mtu angojeavyo mgeni, na wajukuu wakakaa miguuni pao.

Msimu wa 1994 hadi 1995, timu hiyo yenye Rebecca Lobo na Jennifer Rizzotti ilicheza mechi 35 na haikushindwa hata moja. Tarehe 2 Aprili 1995 ikaishinda Tennessee 70 kwa 64 mjini Minneapolis na kutwaa ubingwa wake wa kwanza. Kufikia mwaka 2025 ilikuwa imeutwaa mara 12. Wako mabinti wa wakati ule ambao leo ni mama wenye watoto, na ambao kwao picha ya kwanza ya timu ni nyanya yao amevaa miwani, akitaja kila mchezaji kwa jina kama watoto wa nyumbani. Binti aliyeketi hapo alipata kuona kuwa mwanamke aweza kufanya jambo kwa bidii, likatazamwa na kuheshimiwa na jimbo zima.

Tena wako waliofika kutoka mbali. Mwaka 2006 alijiunga na chuo hicho kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini. Aliichezea timu misimu mitatu, na mwaka 2009 akaifikisha pamoja na wenzake katika nusu fainali ya taifa. Mwaka huo huo akachaguliwa wa pili katika usajili wa ligi kuu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Na katika machipuko ya mwaka 2023, Ramadhani ilipoangukia siku za mashindano makuu, nyota wa timu alikuwa Adama Sanogo, kijana wa Kiislamu kutoka Mali. Alifunga saumu yake huku akiendelea kucheza, na habari hiyo ikaenea nchi nzima. Connecticut ikawa bingwa, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa hatua za mwisho. Hebu fikirini nyumba ya Waislamu katika mji wa Hartford au New Haven usiku ule: futari imeliwa, tarawehe imesaliwa, na mtoto ameruhusiwa kukesha kidogo amtazame mtu anayefunga kama baba yake afungavyo. Hatuhitaji kumuuliza mtoto huyo, akishakua, kwa nini aipenda timu hiyo.

Lakini mtu aweza kuuliza: je, shujaa akianguka? Swali hili si la kufikirika. Tate George, mwenye ile sekunde moja ya mwaka 1990, alitiwa hatiani na mahakama ya Marekani mwaka 2013 kwa kuwadanganya watu katika mambo ya fedha, kisha akahukumiwa kifungo. Waliompenda utotoni walihuzunika. Hata hivyo, usiku ule haukufutika vifuani mwao. Kama mapenzi yao yangemtegemea mchezaji, yangeporomoka pamoja naye. Waliyempenda hasa usiku ule alikuwa ameketi karibu yao. Mikono iliyowarusha juu kwa furaha haikuwa ya mchezaji, ilikuwa ya baba. Na wengi wa baba hao sasa wametangulia. Ndiyo maana mtu mzima huweza kuitazama picha ya zamani ya mchezo na macho yakamlenga, na mkewe asielewe kwa nini.

Hili ndilo tulilotaka kuwaeleza, wazazi wetu. Siku hizi katika nyumba nyingi, huko Marekani na huku kwetu, kila mtu hutazama chake katika simu yake. Baba anatazama mechi hapa, kijana anatazama nyingine chumbani, binti ana yake masikioni. Wote wameona mengi kuliko tulivyoona sisi kwa redio moja ya mtaa mzima. Ila hapana aliyemwona mwenziwe akifurahi wala akihuzunika. Baada ya miaka 30 wakiulizwa walianza wapi, yumkini watataja matokeo, wasitaje mtu.

Dawa yake haina gharama. Chagueni jambo moja la halali mnalolipenda nyumbani, liwe mpira, kisa cha jioni, mapishi ya Ijumaa au safari ya kwenda Lamu kwa babu, mlifanye pamoja simu zikiwa kando. Kisha msiliache lipite. Kesho yake muulizeni mtoto: unakumbuka nini? Nani alichelewa? Nyanya alisema nini? Naye akikosea, mrekebisheni kwa upole na kumwongezea. Mtoto wa miaka minne hatajua kuwa mnampa amana. Atakapofika arubaini, nanyi hampo, ataifungua na kuwakuta ndani yake.